Doa jekundu lina umri gani?

Swali

Daktari, habari za kazi. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne hapa Njombe. Wanafunzi wangu walisoma kwenye simu kwamba darubini ya James Webb imeona galaksi iliyokuwepo miaka milioni 280 tu baada ya ulimwengu kuanza. Tulipofungua picha yenyewe tukakuta doa dogo jekundu, basi. Mmoja akaniuliza: "Mwalimu, nani aliyesoma tarehe kwenye hilo doa?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Wanajuaje? Na mbona kila mwaka tunaambiwa rekodi imevunjwa, halafu nyingine zinafutwa? Mwingine naye anasisitiza kwamba galaksi hiyo iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 13.5. Je, yuko sahihi?

Jibu

Salama, Mwalimu. Huyo wa kwanza mpe heko zangu. Swali lake ndilo analojiuliza kila anayetafuta galaksi za mwanzo anapofungua picha mpya, na wapo waliolijibu upesi wakateleza. Picha inatupa mtuhumiwa tu. Tarehe husomwa kwenye spektra, yaani mwanga wa lile doa ukishatawanywa kama unavyotawanywa na prizimu ya maabara yako. Vichwa vya habari huzichanganya hatua hizi mbili, na rekodi nyingi zinazofutwa zinatoka hapo.

Darasani anza na tyubu ya baiskeli. Chukua iliyochoka, kata kipande cha sentimita 30, kipasue kiwe bapa, kisha chora wimbi kwa chaki nyeupe juu ya ule weusi. Mwanafunzi mmoja ashike huku, mwingine kule, wavute polepole. Vilele vya wimbi vitaachana. Hakuna aliyeligusa wimbi. Kilichovutwa ni mpira uliolibeba. Mwanga ulio safarini katika ulimwengu unaopanuka hupatwa na jambo hilohilo: nafasi inavutika, nao unarefuka. Uliotoka ukiwa wa buluu unafika mwekundu. Ukisafiri muda mrefu zaidi unapita wekundu na kuwa infraredi, ambayo jicho halioni ingawa ngozi inaihisi. Ndilo joto unalolipata ukisogeza kiganja karibu na pasi ya mkaa bila kuigusa.

Kiasi cha kuvutwa huko huandikwa kwa namba moja, z. Ongeza 1 juu ya z, utajua mwanga umerefuka mara ngapi tangu uondoke. Galaksi waliyoisoma wanafunzi wako inaitwa MoM-z14, na z yake ni 14.44. Mwanga wake, basi, umerefuka mara 15.44. Tyubu yenu itakatika kabla haijafika hata robo ya hapo.

Lakini utajuaje wimbi limevutwa mara ngapi kama hukuliona lilipoanza safari? Hapa ndipo hidrojeni inapotuokoa. Atomu ya hidrojeni ina urefu wake maalumu wa wimbi inaoumeza kwa pupa, nanomita 121.6, uliomo kwenye urujuanimno. Ni uleule Njombe, uleule upande wa pili wa ulimwengu, na uleule miaka bilioni 13 iliyopita. Katika enzi tunayoizungumzia, nafasi kati ya galaksi ilikuwa imejaa gesi ya hidrojeni ambayo bado haijapoteza elektroni zake. Mwanga wa galaksi wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6 ulimezwa njiani karibu wote, na wenye mawimbi marefu zaidi ukapita. Kwa hiyo spektra ya galaksi ya enzi hiyo ina genge, kama ukingo wa korongo: upande mmoja kuna mwanga, upande wa pili giza, na katikati mporomoko wa ghafla.

Andika ubaoni: 121.6 × 15.44 = 1,877. Genge la MoM-z14, lililoanza kwenye nanomita 121.6, tunalikuta kwenye nanomita 1,877, yaani mikromita 1.88 hivi. Mwanaastronomia huenda kinyume: anapima genge liko wapi, anagawanya kwa 121.6, anatoa 1, anapata z. Hapo z inabadilishwa kuwa miaka kwa hesabu ya upanukaji wa ulimwengu, ambayo namba zake zinatokana hasa na vipimo vya mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ukiwa na miaka 380,000. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, z ya 14.44 inaangukia kwenye miaka milioni 280 ya kwanza. Nani aliyesoma tarehe? Hidrojeni ndiyo iliyoiandika, na spektra ndiyo inayotuwezesha kuisoma.

Sasa turudi kwenye picha. Huwezi kupata spektra ya kila doa la angani. Muda wa darubini hautoshi. Kwa hiyo kwanza unapiga picha ya sehemu moja kupitia vichujio tofauti, kila kimoja kikiruhusu mawimbi yake. Weka picha hizo sambamba, Mwalimu, kama picha za pasipoti mezani. Kwenye ya mikromita 0.9 hakuna kitu. Ya 1.15, hakuna kitu. Ya 1.5, bado giza, ingawa galaksi za jirani zinang'aa zote. Ya 2.0, kuna kivuli cha mwanga. Ya 2.8, doa limetokea, liko pale kabisa. Ukiona mpangilio huo unajua kwamba genge huenda liko karibu na mikromita 2. Njia hii ilikuwepo miaka mingi kabla ya Webb. Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia Webb, nayo iliitumia, lakini kamera yake inaishia mikromita 1.7, na kioo chake ni cha mita 2.4 dhidi ya mita 6.5 za Webb. Kwa Hubble, MoM-z14 ni giza tupu hata ingeitazama mwezi mzima.

Neno "huenda" nimeliweka makusudi. Mwaka 2022, miezi michache tu baada ya Webb kuanza kazi, uchunguzi mmoja uitwao CEERS ulitoa doa lililopewa namba 93316. Vichujio vilisema z iko zaidi ya 16, yaani galaksi ya miaka kama milioni 240 hivi baada ya mwanzo. Ilikuwa inang'aa mno kwa umri huo. Nadharia zikaanza kupindwa ili ziipe nafasi. Machi 2023 darubini ikaielekea tena, safari hii kwa kifaa cha spektra, na majibu yakaja: z ni 4.9. Galaksi hiyo ni ya zaidi ya miaka bilioni moja baada ya mwanzo.

Ilidanganya vipi? Ilikuwa galaksi yenye vumbi jingi, na vumbi humeza mwanga wa buluu na kuacha mwekundu upite, kama jua la jioni nyuma ya moshi wa mashamba yanayochomwa. Juu ya hayo, gesi yake ya oksijeni na hidrojeni ilikuwa inatoa mistari mikali ya mwanga, na kwa z ya 4.9 mistari hiyo ikaangukia ndani ya vichujio vilevile ambavyo vingeng'aa kama galaksi ingekuwa ya mbali sana. Hidrojeni ina mstari kwenye nanomita 656; uzidishe kwa 5.9, unapata mikromita 3.87. Mmoja wa oksijeni, wa nanomita 501, unafika 2.95. Kichujio hakiwezi kutofautisha mstari mmoja mkali na mwanga uliosambaa, kinajumlisha tu. Mimi husimulia kisa hiki kila ninapofundisha, na waliokitangaza nawaheshimu sana, maana waandishi wa kipimo kilichoivunja rekodi walitoka kwenye jamii ileile ya watafiti walioitafuta. Katika vipimo hivyohivyo, na kwenye eneo lilelile la anga, galaksi nyingine iliyokuwa mtuhumiwa ilithibitishwa kwa z ya 11.4.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kinaitwa NIRSpec, na ndani yake kuna vijidirisha karibu 250,000, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 0.1 na urefu wa 0.2. Vinafunguliwa na kufungwa kwa amri kutoka duniani. Ukitaka spektra za galaksi mia moja kwa mpigo, unafungua vijidirisha vilivyo juu ya galaksi hizo tu, na vilivyobaki unavifunga ili mwanga wa majirani usichafue kipimo. Halafu unasubiri. Kwa galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, Januari 2024, kusubiri huko kulichukua karibu saa kumi.

Galaksi hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu ilipita kila mtihani. Kwanza timu yenyewe iliitilia shaka: inang'aa kupita kiasi, na iko ubavuni mwa galaksi nyingine ya karibu ambayo ingeweza kuwachanganya. Walipopata spektra, genge lilikuwa pale, na Mei 2024 wakatangaza z ya 14.32. Baadaye ikapimwa kwa njia tofauti kabisa. Antena za ALMA katika jangwa la Atacama, Chile, zilinasa mstari wa oksijeni ambao huanza na urefu wa mikromita 88 na kutufikia ukiwa na zaidi ya milimita 1.3. Mstari ule ulitoa z ya 14.18. Wanafunzi wako wakiuliza kwa nini namba ilishuka, waambie genge ni kipimo kizuri lakini kingo zake si kali kama wembe. Hidrojeni iliyo ndani na kando ya galaksi yenyewe huimegua, ikaonekana kama iko mbele kidogo kuliko ilivyo. Mstari wa oksijeni ni mwembamba, haumeguki hivyo. Galaksi GN-z11, ambayo Hubble iliipa z ya 11.1 mwaka 2016, nayo ilishushwa na Webb hadi 10.6. Marekebisho ya aina hii yasikuchanganye na kisa cha 93316: kule galaksi ilihama enzi nzima, huku tumenoa tarehe tu.

Kwa hiyo ukikutana na habari ya rekodi mpya, tafuta neno moja: spektra. Kama wanasema wamepima spektra, ichukue kwa uzito. Kama wanazungumzia rangi na vichujio peke yake, mwambie mwanafunzi wako kwamba huyo bado ni mtuhumiwa, kesi haijasikilizwa. Hata jina MoM linabeba tahadhari hiyo: ni kifupi cha jina la utafiti ambalo kwa Kiswahili ni "Mazigazi au Muujiza", na herufi M mbili zinabaki zilezile. Wao walipima spektra, mwaka 2025.

Kuhusu umbali, huyo mwingine amekosea, lakini kosa lake wanalo hata watu wazima waliosoma. Mwanga umesafiri miaka bilioni 13.5. Wakati uko njiani, nafasi iliyokuwa nyuma yake na mbele yake iliendelea kupanuka. Mahali ilipo galaksi hiyo leo ni karibu miaka ya nuru bilioni 34 kutoka kwetu. Na mwanga ulipoondoka, galaksi ilikuwa umbali wa bilioni 2 na ushei tu. Gawanya 34 kwa 15.44 utaona. Rudini kwenye tyubu: mdudu anayetembea juu ya mpira unaovutwa atahesabu hatua zake, na hesabu hiyo haitalingana na urefu wa mpira wa mwanzo wala wa mwisho.

Kuna neno jingine linalowatatiza wanafunzi. Magazeti husema "galaksi kongwe zaidi", nao wanafikiri tunatazama kizee. Fikiria barua aliyoiandika babu yako akiwa darasa la pili, ikapotea posta, ikafika leo. Barua ni ya zamani sana, ila mwandiko ni wa mtoto. MoM-z14 tunayoiona ni kichanga: imebanana, upana wake ni kama miaka ya nuru 500, wakati galaksi yetu ina 100,000 hivi. Ilivyo leo hatuwezi kuiona.

Umenigusa ulipotaja darubini yenyewe, niruhusu niseme kidogo. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi. Darubini yenye uvuguvugu inayotafuta infraredi hafifu ni kama mtu anayetafuta vimulimuli akiwa amekumbatia jiko linalowaka. Ndiyo maana Webb iliwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga ya jua yenye tabaka tano na ukubwa wa uwanja wa tenisi. Upande wa kivulini ni karibu nyuzi 230 chini ya sifuri. Kioo chake ni vipande 18 vya berili vilivyopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huakisi infraredi vizuri sana.

Roketi iliyoibeba iliondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 25 Desemba 2021, saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa zetu. Dakika 27 baadaye Webb ilijitenga nayo, na kituo cha Malindi, pale Ngomeni, kilikuwa miongoni mwa vituo vya ardhini vilivyofuatilia mawimbi yake. Pwani hiyohiyo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksi ya angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiongozi wake wa kisayansi, Riccardo Giacconi, baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore, Marekani, iliyopewa kuendesha Hubble na ambayo leo inaendesha Webb pia. Chini ya uongozi wake ndipo taasisi hiyo ilipoanza kufikiria mrithi wa Hubble, hata kabla Hubble yenyewe haijaruka. Wanafunzi wako wanastahili kujua kwamba historia hii ilipita kwenye mlango wetu.

Na wanaweza kuelekeza kidole. JADES-GS-z14-0 iko katika kundinyota la Tanuri. Katikati ya Desemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mvua ya Njombe ikiwapa nafasi, wasimame nje na kutazama kusini. Waanze utosini, washuke kuelekea Akhenari, nyota ile angavu ya kusini. Kabla ya kufika nusu ya njia watakuta kipande cha anga cheusi kisicho na nyota ya maana. Kimechaguliwa kwa sababu ya weusi huo. Mwaka 1995 Robert Williams aliielekeza Hubble siku kumi mahali patupu pa anga la kaskazini, akapata galaksi karibu 3,000. Watakaouliza kama upande huo ndio ulimwengu ulikoanzia, jibu ni hapana. Kila upande ukitazama mbali vya kutosha unatazama mwanzo.

Kinachotuhangaisha sasa ni kwamba galaksi hizi ni nyingi na zinang'aa kuliko tulivyotarajia kabla ya 2022. Wapo walioandika kwamba Mlipuko Mkuu umekanushwa. Haujakanushwa. Kinachopimwa upya ni mwendo wa kuzaliwa kwa nyota. Huenda zilizaliwa kwa vipindi vya fujo, galaksi ikiwaka ghafla halafu kutulia, na sisi tunaziona zile zilizo kwenye kuwaka. Huenda vumbi lilikuwa bado halijatanda. Katika baadhi, kama GN-z11, kuna dalili za shimo jeusi linalokula gesi na kuongeza mwanga. Kwa JADES-GS-z14-0 shimo jeusi halitoshi kuwa maelezo, kwa sababu mwanga wake umesambaa kwenye upana wa miaka ya nuru 1,600. Nyingi ya nuru hiyo ni ya nyota. Mimi naelemea kwenye vipindi vya fujo, lakini naamini galaksi tofauti zina sababu tofauti.

Ile oksijeni ya ALMA ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanzoni ulimwengu ulikuwa na hidrojeni, heli na chembe ndogo ya lithi. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota, na hutoka nje nyota ikifa. Ukiikuta kwenye galaksi ya miaka milioni 300 hivi, ujue pale palishapita nyota zilizozaliwa, zikaishi, zikafa. Kizazi hicho cha kwanza bado hatujakiona waziwazi. Kwa hiyo vijidirisha vya NIRSpec vinafunguliwa tena na tena juu ya madoa mengine, watu wakitafuta spektra yenye mistari ya hidrojeni na heli, na pale mstari wa oksijeni unapotakiwa kuwa, pasiwe na kitu.